Chuma gani unachokisema?

Ukienda madukani Ngamiani, hapa Tanga mjini, ukasema "nataka chuma" muuzaji atakuangalia tu, maana hapo hujasema kitu. Kwenye kemia ni madini, alama yake Fe, namba ya atomi 26, yanayeyuka kwenye nyuzi joto 1538 hivi, ila hicho kitupu ni laini na hakuna anayekuuzia. Nondo na skwea paipu ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo, haifiki hata asilimia 2, ndo wazee walikiita pua. Kaboni ikizidi hapo kinakuwa kigumu lakini kinapasuka ukikiangusha, mfano zile bodi za cherehani za zamani.

Sasa kwetu Tanga shida ni kutu. Kutu inataka hewa na maji basi, ila chumvi ya bahari inaikimbiza, kwahiyo mwenye nyumba Raskazone, kando ya bahari, ananunua geti lilelile la mtu wa Korogwe, mbali na pwani, halafu la kwake linaoza mapema. Angalia pale chini kwenye bawaba, fundi alipochomelea, rangi inavimba malengelenge na ukigusa na kidole inabanduka na unga mwekundu. Hapo piga msasa mpaka chuma king'ae ndo upake rangi, ukipaka juu ya kutu umetupa hela (na mafundi wa hivyo wamejaa). Bati linapona kwa sababu limepakwa zinki.

Stenlesi nayo ni chuma, imeongezwa kromiamu. Wanunuzi wa chuma chakavu wanatembea na sumaku, ikinasa wanakupa bei ya chuma, ikikataa wanaanza kuuliza ni shaba, aluminiamu au stenlesi, maana stenlesi nyingi hazinasi.

Kuna na chuma cha kwenye damu. Vidonge wanavyopewa wajawazito kliniki ni madini hayohayo, na mtu anaweza kula dagaa na mchicha kila siku halafu akashushia na chai ya rangi palepale, chai inapunguza mwili kukifyonza, bora akamulie ndimu.

Mtaani sasa, kupiga vyuma ni jimu, vyuma vimekaza ni hela hakuna, na basi jipya likiingia stendi ya Kange utasikia "chuma hicho!" Pasi ya nguo ni pasi tu, haiitwi chuma. Na machungwa ya Muheza yanachumwa, hicho ni kitenzi kingine kabisa, ndo kilichozaa chuma ulete, ule uchawi wenye maduka wanaolalamikia hela zikipungua kwenye droo.