Bolti mbili zinazofanana

Watu wakisikia kwamba natengeneza ndege huuliza swali lile lile: sehemu ngumu ni ipi, injini? Injini ina kitabu chake, na ukikifuata hatua kwa hatua utafika. Kinachonipa taabu ni kukataa kuyaamini macho yangu mwenyewe, na taabu hiyo inazidi kadiri miaka inavyoongezeka, kwa sababu jicho lililozoea hujiamini kuliko la mgeni.

Mimi ni injinia wa matengenezo upande wa mekanika: bodi, injini, pangaboi, matairi, breki, mifumo ya mafuta. Redio na vyombo vya kuongozea ni vya wenzetu wa avioniksi. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni Cessna Caravan, ndege ya injini moja ambayo aliyewahi kwenda Mafia au Serengeti kwa ndege ndogo huenda ameipanda.

Viwanja vya mbugani vingi ni vya changarawe. Rubani akiongeza nguvu ndege ikiwa bado imesimama, pangaboi inazoa mawe, na jiwe moja likigonga ukingo wa bledi, yaani bapa la pangaboi, linaacha pengo dogo kama punje ya mchele. Abiria haoni kitu. Lakini pangaboi ile ina kipenyo cha karibu mita 2.7, na ikiwa kwenye kasi yake ya juu huzunguka mara 1,900 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ncha ya bledi inakata hewa kwa zaidi ya mita 260 kwa sekunde. Nguvu inayoivuta bledi kwenda nje hupita vizuri kwenye chuma kisicho na pengo. Ikikuta pengo lenye kona kali, hujikusanya pale chini ya pengo. Hapo ndipo ufa unapozaliwa, na ndege ikizidi kuruka nao unazidi kukua.

Dawa yake ni tupa laini na msasa. Unaondoa ile kona, unaligeuza pengo kuwa bonde pana lisilo na kina, kisha unakagua kwa kioo cha kukuzia na kwa rangi inayopenya kwenye nyufa. Kitabu kinakuambia unaruhusiwa kula chuma kiasi gani. Ukivuka hapo, bledi inatoka.

Nilipokuwa najifunza, injinia aliyenilea aliniita kwenye Caravan moja iliyotoka porini. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa bledi, ukanasa. Akaniuliza, "Unaonaje, kijana?" Nikainama, nikatazama. "Kidogo tu, Mzee, tupa itamaliza." Hakunibishia. Akanipa kipimo cha kina mkononi. Nikapima mara tatu, nikitumaini namba itabadilika. Ilikuwa imepita kikomo. Abiria walikuwa wameshakaa kivulini na mizigo yao, rubani anatazama saa, na simu ya ofisini inaita. Mzee akaipokea, akasikiliza muda mrefu, akasema, "Leo haitoki," akarudi kufungua kifuniko cha pangaboi.

Baadaye nilisoma ajali moja ambayo naamini kila mwanafunzi wa kazi hii angeanza nayo. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC 1-11 iliondoka Birmingham kwenda Málaga. Dakika 13 baada ya kuruka, ikiwa futi 17,300, kioo cha mbele upande wa kapteni kiling'oka. Hewa ikamvuta kapteni, nusu ya mwili ikawa nje, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka rubani msaidizi alipotua Southampton. Wote 87 walisalimika, kapteni akiwemo.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari, kwenye zamu ya usiku. Kilifungwa kwa bolti 90. Kati ya hizo, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa takriban milimita 0.66, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi. Mfungaji alikuwa mtu mzoefu, mkuu wa zamu. Alichukua bolti ya zamani akaitafutia mwenzake kwa kuilinganisha kwa jicho na mkono, bila kufungua orodha ya vipuri kuisoma namba. Kioo chenyewe kilifungwa kutokea nje, kwa hiyo shinikizo la hewa ya ndani lilikuwa likikisukuma kitoke, na kilichokizuia ni zile bolti tu.

Milimita 0.66! Shika bolti mbili za namna hiyo kwenye mwanga hafifu, saa tisa usiku, uone kama utazitofautisha. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Ndege inayoshinda ikienda Zanzibar na Pemba inavuta hewa ya bahari siku nzima. Huioni hiyo chumvi, lakini imo ndani ya injini, na kwenye joto la tabini, magurudumu yanayozungushwa na gesi ya moto, inakula chuma. Ndiyo maana jioni tunaiosha kompresa, sehemu ya injini inayoingiza na kukandamiza hewa, kwa maji safi, hata injini ikionekana inang'aa.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mafunzo alitoka stoo na bolti kiganjani, pamoja na ile aliyoifungua. "Zinafanana kabisa, mkuu." Nikamuuliza namba. Akaangalia kiganja, akaangalia mfuko ulioandikwa namba, ambao alikuwa ameuacha kaunta. Nilikuwa na njaa, jua linazama, na kwa macho yangu zilifanana kweli. Akarudi stoo. Aliporudi na mfuko tukafungua orodha ya vipuri pamoja, tukasoma herufi kwa herufi, yeye kwa sauti na mimi nikifuata kwa kidole.