"Fundi, nipigie Windows upya": dhana potofu za wanaoediti video kwa monita mbili

Msimu wa harusi ukichanganya hapa Tanga, wapiga video wa Ngamiani mpaka Muheza huja na ombi lile lile: programu ya kuediti imeharibika, nipigie Windows upya. Jamani, nisikilizeni kabla hamjapoteza kazi za watu.

Dhana: Dirisha likipotea, programu imeharibika

Haijaharibika. Programu hukumbuka kila dirisha liliachwa wapi. Kama jana taimulaini (ile sehemu ya kupangia klipu) ilikuwa monita ya kulia, leo inaweza kufungukia huko huko, hata monita hiyo ikiwa imezimwa. Na wengi wenu monita ya pili ni televisheni ya sebuleni. Watoto wakihamia king'amuzi huku waya wa HDMI bado umechomekwa, mara nyingi kompyuta inaendelea kuihesabu televisheni hiyo, na dirisha lako linabaki huko usikoliona.

Kisha mnaniletea CPU, yaani boksi la kompyuta, peke yake. Naichomeka kwenye monita yangu moja, programu inafunguka vizuri, mteja anashukuru. Akifika nyumbani akachomeka televisheni, yale yale, na safari hii anataka Windows mpya kwa nguvu zote.

Anza hivi. Ichague programu kwa Alt na Tab, halafu shikilia kitufe cha Windows na Shift, bonyeza mshale wa kushoto au wa kulia. Dirisha litahamia monita nyingine. Likigoma, bonyeza Windows na P, uchague monita ya kwanza tu. Kama zilizopotea ni paneli za ndani, kwenye Premiere Pro bonyeza Alt, Shift na 0. Kwenye DaVinci Resolve fungua menyu ya Workspace, zima Dual Screen, kisha chagua Reset UI Layout.

Kinachoniuma ni hiki: Resolve haihifadhi projekti pembeni ya klipu zako. Inaziweka kwenye databesi yake, na usipoihamisha, databesi hiyo iko diski C. Fundi akifuta C ili apige Windows upya, klipu za diski D zitasalimika, lakini mikato yote, sauti ulizosawazisha na rangi ulizokesha nazo zimekwenda, na familia ya bibi harusi inasubiri. Asiguse mtu C, hata mimi, kabla hujatoa nakala ya projekti kupitia Project Manager ukaiweka kwenye flashi.

Dhana: Monita ya pili inakula nusu ya nguvu za kompyuta

Picha moja ya monita ya 1920 kwa 1080 ni kama megabaiti 8 tu. Kadi ya grafiki ya gigabaiti 4 haistuki. Kinachogandisha ni klipu za H.265 (mfumo wa kubana video) za simu na kamera za siku hizi: fremu nyingi humo zimehifadhi tofauti yake na fremu za jirani tu, kwa hiyo kila ukiburuta taimulaini kompyuta inazijenga upya. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za klipu za kuedia nazo. Nitalirudia kwa kila anayekuja kununua RAM: proksi kwanza.

Dhana: Tundu lolote la HDMI ni sawa

Si sawa. Monita moja ikiwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na nyingine kwenye kadi ya grafiki, picha inabidi ipitishwe kutoka chipu moja kwenda nyingine, na uchezaji unaweza kukatakata. Tazama nyuma ya CPU: matundu ya juu, karibu na USB, ni ya madabodi. Yale ya chini yaliyolala ndiyo ya kadi. Chomeka zote mbili huko.

Dhana: Rangi zikitofautiana, programu imeharibu video

Monita mbili za aina tofauti hazitalingana rangi mpaka zikalibishwe, yaani rangi zake zirekebishwe kwa kipimo kimoja. Chagua moja ya kuamulia rangi, nyingine iwe ya klipu na taimulaini. Gauni jeupe likionekana la njano, fungua skopu, yaani grafu ya kupimia rangi ndani ya programu: nyekundu, kijani na bluu zikiwa sawa pale kwenye gauni, acha video yako kama ilivyo, urekebishe monita.