Nini maana ya kupika bia kwa nafaka tupu

Kupika bia kwa nafaka tupu ni kutengeneza bia nyumbani kuanzia kwenye punje za kimea, bila kutumia shira ya kimea iliyoandaliwa kiwandani. Anayenunua kopo la shira amenunua kazi iliyokwisha fika nusu. Kiwanda kimeshaitoa sukari kwenye shayiri, na yeye amebakiwa na kuongeza maji, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira. Anayeanza na nafaka hana sukari yoyote mkononi. Ana kilo kadhaa za punje kavu zilizojaa wanga, na hamira ya bia haili wanga. Kazi yake ya kwanza ni kuugeuza wanga huo kuwa sukari ndani ya sufuria yake mwenyewe, na hapo ndipo njia hii inapotengana na ile ya kopo.

Uingereza ilifuta sharti la leseni kwa wanaopika bia ya kunywa nyumbani mwaka 1963. Marekani ilifuata kwa sheria ya shirikisho iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwezi Oktoba 1978. Wapishi wengi wa nyumbani huanzia kwenye kopo, kisha huvuka kwenda kwenye nafaka. Wanaovuka hukutana na jambo lilelile: bia ya kwanza inatoka nyepesi kuliko walivyopiga hesabu. Hulaumu hamira, hopsi, hata maji ya bomba. Mara nyingi kosa liko katika kusaga nafaka au katika saa moja ya mwanzo ya kuiloweka kwenye maji ya moto, kabla hopsi hazijatoka hata kwenye pakiti. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye saa hiyo.

Tuanze na kimea chenyewe. Shayiri hulowekwa, huachwa ichipue kwa siku nne hadi sita hivi, kisha hukaushwa kwa joto. Punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja akiba yake ya wanga ili mche upate chakula. Kukaushwa huukatisha mche kabla haujaimaliza akiba, lakini vimeng'enya hubaki ndani ya punje na nguvu zao. Vikipata maji na joto la kufaa, vinaendelea palepale vilipoachia. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kitu hiki kutoka kwenye kimea cha shayiri, na kikawa kimeng'enya cha kwanza katika historia ya sayansi kutengwa namna hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ameiona kazi hii hata kama hajawahi kushika punje ya shayiri. Katika togwa, uji mzito hupikwa, huachwa upoe, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi au mtama. Baada ya muda mfupi uji uliokuwa mzito unakuwa mwepesi na mtamu, bila kuongezwa maji wala sukari. Vimeng'enya vya kimea vimeukata wanga. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walihimiza kimea kitiwe kwenye uji wa watoto wadogo kwa sababu hiyohiyo: mtoto aweze kunywa uji wenye unga mwingi bila kushindwa na uzito wake. Wachagga nao hutia kimea cha ulezi kwenye mbege, na uchungu wake wanautoa kwenye magome ya msesewe, kazi ambayo katika bia ya Ulaya hufanywa na hopsi.

Kuna tofauti moja kubwa, nayo inasaidia kueleza kwa nini shayiri ilitawala bia duniani. Wanga hauwezi kukatwa vizuri mpaka uvimbe na kulainika kwa maji ya moto. Wanga wa mtama na mahindi unahitaji nyuzi joto 70 hivi au zaidi ili ulainike, na joto hilo huanza kuviharibu vimeng'enya. Ndiyo maana mpishi wa togwa hupika uji kwanza, akaupoza, akatia kimea baadaye. Wanga wa shayiri hulainika kati ya nyuzi 60 na 65, wakati vimeng'enya bado vina nguvu. Mambo yote mawili hufanyika pamoja katika chombo kimoja. Huhitaji uji wa kwanza.

Sasa kuhusu joto. Vimeng'enya vinavyohusika zaidi ni viwili. Beta-amilesi hukata mnyororo wa wanga kutoka mwishoni, kipande kidogo kidogo, na kutoa maltosi, sukari ambayo hamira huila yote. Hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 60 na 65, na juu ya hapo huharibika upesi. Alfa-amilesi hukata popote katikati ya mnyororo, na hupenda joto la juu kidogo, kati ya nyuzi 68 na 72. Vipande vyake vingine ni virefu mno kwa hamira, kwa hiyo hubaki kwenye bia na kuipa uzito mdomoni. Ukikaa kwenye nyuzi 63 au 64 utapata bia kavu na yenye kilevi zaidi. Ukikaa kwenye 69 au 70 utapata bia nzito, yenye kilevi kidogo. Anayeanza na akae kwenye 66 kwa dakika 60. Hapo vyote viwili vinafanya kazi.

Chukua mfano wa kilo 5 za kimea cha rangi nyepesi kwa lita 20 za bia. Kiasi cha kawaida ni lita 3 za maji kwa kila kilo, yaani lita 15. Nafaka ni baridi kuliko maji, hivyo maji lazima yaanze juu ya lengo. Kimea kikiwa na nyuzi 25, maji yaanze kwenye 72 hivi ili mchanganyiko utulie kwenye 66. Mpishi wa Ulaya aliyetunza kimea kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 10 anahitaji maji ya karibu nyuzi 74. Tofauti ya nyuzi 2 inaonekana ndogo, lakini umeona hapo juu nyuzi chache zinavyoweza kubadili bia. Mimina nafaka taratibu huku ukikoroga kwa mwiko mpaka madonge yote yaishe, maana ndani ya donge kuna unga mkavu ambao hautatoa chochote. Kisha funika. Deli la kuhifadhia vinywaji baridi hufaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa linalotunza baridi hutunza joto pia.

Kipimajoto nacho kipimwe kabla ya kukiamini. Wengi hukitumbukiza kwenye maji yanayochemka na kutarajia 100. Dar es Salaam ni sawa. Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mtu anaweza kukitupa kipimajoto kizima akidhani kibovu. Barafu iliyopondwa ndani ya maji ni salama zaidi: itasoma sifuri Kilimanjaro na Mombasa vilevile.

Nawaheshimu sana watu wa zamani waliofanya haya bila chombo chochote. Nchini Uingereza walichemsha maji, wakayaacha yapoe mpaka mvuke utulie na mtu aweze kuona uso wake juu ya maji, ndipo wakatia kimea. Wajerumani na majirani zao walichota sehemu ya mchanganyiko, wakaichemsha pembeni na kuirudisha, na joto la chombo kizima likapanda kwa hatua zilezile kila mara. Katikati ya karne ya 18 ndipo Michael Combrune, mpishi wa bia wa Uingereza, alipoanza kuwashawishi wapishi wa bia watumie kipimajoto.

Utajuaje wanga umekwisha? Weka matone machache ya juisi, yaani yale maji matamu ya kimea, kwenye kisahani cheupe, ongeza tone la iodini ya duka la dawa. Ikigeuka bluu nyeusi, wanga ungalipo. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, ile saa moja imefanya kazi yake. Tone lisiwe na vipande vya maganda, maana huwa vinageuka bluu hata kila kitu kikiwa sawa, na usilirudishe tone hilo kwenye sufuria.

Kabla ya yote haya kuna kusaga, na kwa maoni yangu hapa ndipo bia nyingi za kwanza zinapopotelea. Punje iparazwe tu, isisagwe kuwa unga. Kinachotakiwa ni punje kuvunjika vipande vitatu au vinne huku ganda likibaki karibu zima. Mashine ya roli mbili zilizoachana kwa milimita 1 hivi huifanya kazi hiyo. Punje zikipita zikiwa nzima, maji hayaufikii wanga, na haijalishi joto lako lilikuwa sahihi kiasi gani. Zikiwa unga, sukari itatoka, ila utashindwa kuichuja, kwa sababu maganda ndiyo chujio. Maganda mazima hukaa chini ya chombo na kufanya tabaka ambalo juisi hupita ikiacha uchafu. Wauzaji wengi wa kimea huweka mashine zao wazi zaidi ili wateja wasikwame kwenye kuchuja, na mpishi huishia na chenga kubwa mno. Chukua kiganja kimoja ukitazame mwangani. Ukiona punje nzima nyingi, rudisha zisagwe tena.

Baada ya saa moja, fungua koki kidogo. Juisi ya kwanza itakuwa na matope, irudishe juu taratibu mpaka itoke safi. Machicha yatashika karibu lita 1 ya maji kwa kila kilo, kwa hiyo katika lita 15 utapata 10 hivi. Nyingine zipate kwa kuyasuuza machicha kwa lita 15 za maji ya nyuzi 75 hadi 77. Usizidishe joto, wala usiendelee kusuuza mpaka juisi iwe kama maji matupu, maana maganda yataanza kuachia ukakasi, ule unaokausha ulimi kama chai iliyosahaulika jikoni. Asiye na chombo chenye koki anaweza kuweka nafaka yote kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa chepesi na kuuinua baada ya saa. Njia hiyo ilienezwa na wapishi wa Australia miaka ya 2000, na kwa anayeanza naiona bora kuliko zote.

Sasa pima. Haidromita ni chombo cha kupima wingi wa sukari kwenye juisi: maji matupu husoma 1.000, na kila 0.001 juu ya hapo ni nukta moja. Kilo 1 ya kimea cha rangi nyepesi inaweza kutoa nukta 300 hivi katika lita 1 ya maji. Kilo 5 ni nukta 1,500. Ukizigawa kwa lita 20 unapata 75. Hakuna anayezipata zote nyumbani. Mwenye uzoefu hupata asilimia 70 au zaidi, yaani haidromita inasoma karibu 1.052. Anayeanza akipata asilimia 55 atasoma 1.041, na bia yake itakuwa nyepesi ila si mbovu. Kwa kipimo cha aina hiyohiyo John Richardson, Mwingereza aliyeandika mwaka 1784, aliwaonyesha wenzake kuwa kimea cha kahawia walichokinunua kwa bei nafuu kilitoa sukari kidogo kuliko cha rangi nyepesi. Viwanda vya London vikaanza kubadili mchanganyiko wa bia yao nyeusi.

Yanayofuata mwenye kopo na mwenye nafaka wanayafanya sawa. Juisi huchemshwa kwa dakika 60 au 90 na hopsi za uchungu hutiwa mwanzoni, hupozwa haraka, hutiwa hamira, hufunikwa. Hamira nyingi za bia ya Kiingereza hupenda nyuzi 18 hadi 20, joto gumu kulipata pwani bila friji. Hamira ya kveik kutoka mashambani mwa Norway huvumilia nyuzi 30 na zaidi bila kuharibu ladha, kwa hiyo anayepika Mombasa au Tanga aiangalie hiyo kwanza.

Pima tena bia ikitulia. Ikiwa ilianza 1.052 na kusimama 1.012, ina kilevi cha asilimia 5 na kidogo juu. Ikisimama 1.020 na kukaa hapo siku kadhaa, usikimbilie kuongeza hamira. Kwanza pima upya kipimajoto chako kwenye barafu, kwa sababu inawezekana sana ile saa ilipita kwenye nyuzi 70 wakati wewe ulisoma 66, na sukari iliyobaki ni ile ambayo hamira haiwezi kuila. Bia hiyo inanyweka. Pika tena kwa kimea kilekile na usagaji uleule, shusha joto nyuzi tatu, kisha linganisha namba.