"Nina Taifodi ya 160": Kipimo Kinaona Nini Hasa?

Malalamiko yanayotufikia maabara siku hizi yanafanana. Mtu amepimwa Kongowea, hapa Mombasa, akaambiwa ana taifodi, akavuka feri, akapimwa tena Likoni, akaambiwa hana. Anakuja na karatasi mbili akitaka tumwambie nani mwongo. Mara nyingi hakuna mwongo.

Kipimo cha taifodi kiitwacho Widal, kilichoanza kutumika Ufaransa mwaka 1896, hakimtafuti bakteria wa ugonjwa huo. Kinatafuta kingamwili, silaha ambazo mwili umeunda dhidi yake. Vita vikiisha, silaha hubaki ghalani: aliyeugua zamani anaweza kuwa nazo, hata aliyepata baadhi ya chanjo. Aliyeanza homa juzi huenda bado hana.

Na hiyo 160 inayoandikwa kwenye majibu si kiasi cha ugonjwa! Ni seramu, yaani majimaji ya damu iliyoganda, iliyozimuliwa, sehemu moja katika 160, na chembe za kipimo (bakteria waliouawa) bado zikashikamana. Kurudi kupimwa baada ya dozi ili uone "imeshuka" ni kupoteza pesa.

Ili Widal iwe na maana, damu hutolewa mara mbili. Ya kwanza huwekwa kwenye chupa ya kifuniko chekundu, huachwa igande kama nusu saa, huzungushwa kwa mashine, kisha seramu hutengwa, huandikwa jina, namba na tarehe, na kuhifadhiwa kwa baridi. Ya pili huchukuliwa baada ya siku 10 hadi 14. Zote mbili hupimwa pamoja, kwa kemikali zilezile. Namba ikipanda mara nne, tuseme kutoka 40 hadi 160, hapo daktari ana la kuzingatia. Sampuli isiyo na jina tunaikataa, hata mwenyewe akisimama mlangoni akiapa ni yake.

Kipimo cha haraka cha malaria ni kinyume chake: hutafuta protini ya kimelea chenyewe. Hata hivyo kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, ndiyo maana tunarudi kwenye hadubini.

Kuendesha maabara bila leseni ni kosa kisheria, chini ya sheria ya Kenya ya wataalamu wa maabara ya mwaka 1999. Una haki ya kuomba kuona leseni. Asiyetaka kuionyesha, usimpe kidole.

Njia bora ya kuthibitisha taifodi ni kuotesha damu, yaani kuitunza ili bakteria waliomo wakue waonekane, na majibu huchukua siku kadhaa. Tafadhali, usije ukiwa umeshameza antibiotiki za jirani kisha ukatulaumu kwamba hakuna kilichoota.