Shamba halizaliwi na hati

Wiki hii nimelisikia tena. Mzee mmoja alikaa mbele yangu na mfuko wa nailoni, ndani mna karatasi ya kijiji iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika. "Mwanangu, wameniambia sina hati, kwa hiyo shamba si langu." Shamba analilima tangu enzi za baba yake.

Si kweli, mzee wangu. Na wewe msomaji, kama uliwahi kulitamka hilo kwenye kikao cha ukoo, naomba ukalifute.

Neno lenyewe ndilo linalotupoteza. Tunasema hatimiliki, na "miliki" inabeba enzi yote juu ya kitu. Lakini hati ya Kiingereza inasema ukaaji tu, yaani haki ya kuikalia ardhi na kuitumia. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Aliyepewa haki hiyo na serikali kwa hati anapewa kwa miaka isiyozidi 99. Waingereza waliichukua fikra hiyo Nigeria Kaskazini, wakaiingiza Tanganyika kwa sheria ya 1923.

Linaloniuma ni marekebisho ya 1928. Sheria ilitamka kwamba haki ya ukaaji ni pamoja na ile ya mwenyeji anayekalia ardhi kwa mila zake. Karatasi haikutajwa. Sisi wanasheria tukaiita haki "inayohesabiwa" kuwepo, na watu wakasikia haki ya kuazimwa! Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ikasema wazi kwamba haki hiyo ni mali na inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 18, ikaiweka sawa kwa kila hali na haki ya kupewa, ile inayotolewa na serikali kwa hati. Cheti cha kimila, kile cha haki ya ardhi ya kijiji, kichukueni, kinasaidia sana benki na kwenye ugomvi wa mipaka. Ila kinathibitisha haki iliyokwisha kuwepo.

Kuna mahali pamoja ambapo moyo wangu hautulii: mji unapomeza kijiji. Mahakama zimewahi kuamua kwamba eneo likishatangazwa la mji, haki ya kimila huzimika, abaki mtu na madai ya fidia. Vitabu hupita hapo mbio. Haki iliyo sawa kwa kila hali inazimwaje na tangazo?

Nilimpa mzee kalamu anichoree shamba. Alianza na mkorosho wa mpakani alioupanda baba yake, kisha akanitajia jirani aliyeshuhudia ukipandwa.