Je, wajua kwa nini Walutheri wa Moshi na Arusha huitaja sana Leipzig, mji wa Ujerumani?

Ukisali Kidia, Old Moshi, usikimbilie nyumbani mara baada ya baraka. Nje ya kanisa mzee wa usharika atanyanyua mkungu wa ndizi uliotolewa sadaka na kuanza mnada: elfu tano, elfu saba, nani anaongeza? Mkungu ukishapata mnunuzi, analetwa jogoo aliyefungwa miguu, kisha bakuli la mayai. Mimi niliwahi kurudi na fungu la magimbi ambayo hakuna aliyenituma.

Mnada huo unasaidia kuelewa chama cha misheni, kama kile cha Leipzig, ni kitu gani. Si serikali, wala si kanisa lenyewe. Ni waumini wa kawaida wanaochanga kidogo kidogo ili watu fulani wapelekwe mbali. Walutheri wa Saxony, Ujerumani, walikuwa wakichangia misheni ya Basel, Uswisi, iliyochanganya madhehebu. Mwaka 1836, mjini Dresden, wakaamua kuwa na chama chao, chenye ungamo la Kilutheri tupu.

Mwaka 1848 mkurugenzi wao, Karl Graul, alikihamishia chama Leipzig. Sababu ilikuwa chuo kikuu: alitaka mmisionari asome hasa, na akifika aijue lugha ya wenyeji na desturi zao. Kazi yao kubwa ilikuwa India kusini, kwa Watamil. Afrika haikuwa kwenye hesabu.

Sasa Kilimanjaro iliingiaje? Kwa siasa. Moshi tayari walikuwepo wamisionari Waanglikana kutoka Uingereza, tangu 1885. Mlima ulipoangukia upande wa Wajerumani, na mwaka 1892 watu wa Meli, mangi (mtawala wa Kichagga) wa Moshi, wakalipiga jeshi la Kijerumani, Waingereza hao walishukiwa kuwachochea, wakalazimika kuondoka. Nafasi ikawa wazi. Mwaka 1893 Leipzig ikaingia Machame, kwa Mangi Shangali, mwaka uliofuata Mamba, na 1896 Kidia.

Upande wa Meru mambo yalikwenda vibaya. Oktoba 1896 Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, si mbali na barabara ya leo ya Arusha–Moshi. Tukio hili husimuliwa sana kwa upande wa hao wawili. Lakini kapteni wa Kijerumani alikuwa karibu na askari wake, na kwa Wameru mgeni mwenye Biblia na mgeni mwenye bunduki walikuwa wamekuja kwa njia moja. Kisasi kilichofuata kiliua watu wengi na kuswaga ng'ombe wengi mno. Vituo vya Nkoaranga na Ilboru vilifunguliwa baadaye, 1902 na 1904.

Mwaka huohuo wa 1902 alifika Bruno Gutmann, ambaye kwa sehemu kubwa ya miaka yake alikaa Old Moshi, hadi 1938. Yeye hakutaka kumng'oa Mchagga kwenye ukoo wake. Alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika. Wengine humlaumu kwamba alitaka Wachagga wabaki kama zamani wakati wenyewe walitaka shule na kahawa, na sidhani lawama hiyo ni ya bure.

Hata hivyo, kilichoukuza Ulutheri huku zaidi, kwa maoni yangu, ni kuondoka kwa Wajerumani. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwafukuza; wa mwisho wakaondoka mwaka 1920. Walimu wenyeji wakabaki na madarasa, sala, maziko na kesi za ndoa. Walutheri wa kanisa la Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia, Wajerumani wakarudi katikati ya miaka ya 1920, lakini waliwakuta watu waliokwisha zoea kujiendesha. Wachungaji wa kwanza wa Kichagga walibarikiwa 1934. Vita ya Pili ikawaondoa Wajerumani tena, na safari hii pengo lilikuwa dogo.

Mwaka 1955 Walutheri wa Afrika nzima walikutana Marangu. Juni 1963 makanisa saba ya Tanganyika yakaungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT), na mkuu wake wa kwanza akawa Stefano Moshi, mtu wa mlimani. Leipzig nayo haikukata uhusiano. Wachungaji wa Kitanzania sasa huenda Ujerumani kuhudumu, wakianza, kama wale wa Machame, kwa kuhangaika na lugha.