“Hawa bado watoto”: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu kufundisha afya ya akili shule za msingi

Ukitaka kikao cha wazazi kichelewe kwisha katika shule ya msingi hapa Dar es Salaam, achana na mchango wa chakula na tuisheni ya darasa la saba. Sema tu kwamba walimu wanataka kuwafundisha watoto wa miaka 10 hadi 13 habari za afya ya akili. Mmoja atauliza kama siku hizi shule imekuwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mwingine atasema wazungu wametuletea jipya. Wa tatu, kwa kawaida baba aliyekaa nyuma karibu na mlango, atasema yeye alichapwa, akalala njaa, akatembea kwa miguu kutoka Mbagala, na leo yuko salama.

Sizicheki hoja hizo. Baadhi zina ukweli ndani yake, na walimu wakikosa kuusikia ukweli huo watafundisha vibaya. Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mwaka 1997 mtafiti wa Australia, Anthony Jorm, na wenzake walieleza elimu hii kuwa ni ujuzi wa kumsaidia mtu atambue matatizo ya akili, ayadhibiti au ayakinge. Kwa mtoto wa darasa la tano maana yake ni ndogo tu: ajue kinachoendelea ndani yake, ajue cha kufanya, na ajue wa kumwambia.

“Mtoto hana mawazo. Mawazo ya nini, kodi analipa yeye?”

Hii ndiyo dhana inayoshikilia nyingine zote. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema nusu ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2021, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulishusha hesabu hiyo hadi takriban theluthi moja kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya 18. Chukua hesabu uipendayo, jibu halibadiliki. Anayengoja mtoto afike kidato cha tatu ndipo amfundishe, anafika wengine wakiwa wameshaumwa miaka kadhaa bila kujua wanaumwa nini.

Hapa hapa jijini, mwaka 2006, ulifanyika uchunguzi wa afya ya wanafunzi shuleni. Katika majibu ya watoto wa Dar es Salaam, karibu 7 katika kila 100 walisema wamewahi kufikiria kujiua ndani ya mwaka uliotangulia. Waliokuwa wapweke na walioonewa na wenzao walikuwa katika hatari zaidi. Wenye wazazi wanaowaelewa walikuwa na nafuu. Hao wote wanahesabiwa kuwa “hawana mawazo”.

Na mawazo yenyewe hayafichiki ukiangalia siku ya mtoto. Wa Gongo la Mboto anasimama kituoni na sare yake, daladala ya tatu inapita, konda anapiga bati: wanafunzi wawili tu, wengine shukeni. Anafika amechelewa, anakuta mwalimu wa zamu getini. Wa Bunju au Goba anayesoma shule ya kulipia ana shida nyingine: basi la shule linampitia saa kumi na moja kasoro alfajiri ili lizunguke kuchukua wengine, na jioni ana kazi ya nyumbani mpaka saa nne usiku. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Huyu analala saa sita na kidogo. Anakuwa mkali, analia ovyo, hashiki hesabu, tunamwita mjeuri. Kama somo hili lingewafundisha wazazi na watoto jambo moja tu, mimi ningechagua usingizi. Hauhitaji mtaalamu wala bajeti.

“Mkiwafundisha ndiyo mtawatia”

Mzazi anayesema hivi anahofia kwamba mtoto akisikia neno “kujiua” darasani atalichukua aende nalo. Hofu hiyo ilipimwa. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika jimbo la New York, Marekani. Kundi moja liliulizwa waziwazi kuhusu kujiua, jingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakuwa na huzuni zaidi wala fikra hizo zaidi ya wenzao. Waliokuwa tayari na dalili za sonona (depresheni, ugonjwa wa huzuni isiyoisha) walionekana kupata ahueni kidogo kwa kuulizwa. Kwa hiyo mtoto akikwambia “bora nife tu”, muulize moja kwa moja ana maana gani, na usimwache peke yake mpaka amepata msaada. Hilo si sawa na kumsimamisha mwalimu mbele ya darasa la nne atoe mhadhara wa kujiua. Umri huo unafundishwa kutambua hisia, kulala, kuomba msaada, na kutomcheka anayeumwa.

Lakini hofu hii ina upande wenye ukweli, na watetezi wa somo hili huuruka. Si kila kipindi chenye jina zuri kinasaidia. Uingereza walijaribu kuwafundisha wanafunzi kutuliza fikra na kuzingatia wakati uliopo, katika jaribio la shule 85 lenye watoto zaidi ya 8,000 walioanza wakiwa na umri wa miaka 11 hadi 13 hivi. Matokeo yalipotoka mwaka 2022, waliopewa mafunzo hayo hawakuwa na nafuu kuliko wenzao waliofundishwa kama kawaida. Na wapo watafiti wanaoonya kwamba ukiwamiminia watoto majina ya magonjwa, wataanza kuyabandika kwenye kila siku mbaya. Mtoto amegombana na rafiki yake, anasema ana depresheni.

Dawa yake ni kufundisha ngazi. Amina amepata 11 katika 50 kwenye jaribio, amelia, jioni anacheza rede: hiyo ni huzuni ya kawaida, hahitaji daktari, labda anahitaji msaada wa hesabu. Juma amefiwa na bibi aliyemlea, ana wiki ya pili anajitenga: huo ni msiba, anahitaji watu wa kukaa naye. Neema kwa wiki kadhaa hachezi, hali vizuri, usiku macho makavu, masomo yameporomoka na anasema hana thamani: hapo ndipo tunaposema mtoto huyu apelekwe akaonwe. Somo lisiloonyesha tofauti ya Amina na Neema, afadhali wazazi walikatae.

“Ni mapepo, waiteni watu wa maombi”

Kila aliyesoma Tanzania analijua tukio hili. Msichana mmoja anapiga kelele, anaanguka, wa pili anafuata, kabla ya mapumziko wameshafika kumi, na nje ya uzio wapita njia wamejaa na simu juu.

Nchi yetu ina historia yake maarufu katika jambo hili. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Likaenea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, wa miaka 12 hadi 18. Mwalimu hata mmoja halikumpata. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi, na wasichana waliporudi makwao likafika vijijini. Madaktari waliochunguza hawakuona sumu wala vijidudu. Maelezo ya watafiti wa baadaye ni hofu na shinikizo lililopita kutoka mwili hadi mwili kwa watu wanaoishi pamoja na kutazamana. Wasichana wale hawakuwa wakiigiza. Miili yao ilikuwa haiwatii kweli.

Kinachosaidia kinajulikana na hakina maajabu. Kwanza hakikisha hakuna aliyekula kitu kibaya, mwenye homa au kifafa. Watenganishe wanaoanguka na wanaotazama, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Watazamaji waondoke, simu ziwekwe chini. Kisha, watoto wakishatulia, uliza nini kimebadilika shuleni: mtihani wa taifa umekaribia, kuna mwalimu anayeogopwa, kuna mtu anawavizia njiani? Mkusanyiko mkubwa wa kukemea mbele ya shule nzima huongeza wanaoanguka, kwa sababu huongeza hofu na watazamaji. Mzazi anayetaka kumwombea mwanawe nyumbani, au kumsomea dua, amwombee. Dua na hospitali havigombani, ila mtoto asikoseshwe kimoja kwa ajili ya kingine.

“Anajidekeza, fimbo itamwondolea”

Tumbo linalouma kila Jumatatu asubuhi na kupona saa nne. Mpime kwanza: minyoo, mkojo, malaria. Vikitoka vyote safi, usiseme anadanganya. Hofu inamwaga adrenalini mwilini, moyo unakwenda mbio na tumbo linasokota, na maumivu hayo ni ya kweli kama ya minyoo. Swali linalofuata ni nini kipo Jumatatu. Mara nyingi ni hesabu na fimbo, au mtoto mkubwa anayemnyang'anya hela ya kula.

Kuhusu fimbo, wengi hawajui kwamba kanuni za nchi zina mipaka: viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe. Nani anaandika, wote tunajua. Na yule baba wa karibu na mlango aliye “salama”, ninamheshimu, ila ningependa kumsikia mkewe naye anasemaje kuhusu usalama huo.

Za haraka haraka

Kifafa ni uchizi, na povu lake linaambukiza. Hapana kwa yote mawili. Ni ugonjwa wa ubongo. Watu huchanganya kwa sababu kwetu wagonjwa wengi wa kifafa hutibiwa kliniki moja na wagonjwa wa akili. Mtoto akianguka mbele yako, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni.

Kikojozi ana matatizo ya akili. Wengi hawana, mwili haujakomaa tu, na mara nyingi baba au mama naye alikuwa hivyo. Ila aliyekuwa ameacha kwa miezi mingi kisha akaanza tena, apimwe, na aulizwe kwa upole. Kumwimbia mtaani ndiko kunakoleta tatizo la pili.

Mtoto wa kiume halii. Analia, ila akizuiwa analia kwa ngumi. Mtundu wa darasa la sita anayepigana kila siku naye atazamwe, si yule mkimya peke yake.

“Mwalimu si daktari, na darasa lina watoto mia”

Kweli tupu, sehemu zote mbili. Shule nyingi za jiji hili zinasoma kwa zamu, asubuhi na mchana, na mwalimu hana hata pa kuweka daftari. Ndiyo maana somo hili halimtaki atibu. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya walimu wa sekondari wa Tanzania waliopewa mafunzo mafupi ya mtaala uliotokana na kazi ya Stan Kutcher wa Canada. Ujuzi wao uliongezeka na unyanyapaa wao ulipungua. Ni walimu wa kawaida, na mtaala ule umepangwa kufundishwa ndani ya masomo yaliyopo. Kwa shule ya msingi, vipindi vya sayansi na maadili vina nafasi ya kutosha.

Kazi ya mwalimu ni kuona, kusikiliza na kupeleka. Anampeleka mtoto kwa mwalimu wa unasihi, yaani wa kuwashauri wanafunzi, mzazi anaitwa bila kutishwa, kisha kituo cha afya, na ikibidi hospitali ya rufaa ya mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala, na juu yake Muhimbili. Kama mtoto anapigwa au anachezewa kingono nyumbani, mzazi huyo huyo asiwe wa kwanza kuitwa. Hapo ni afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya kumsaidia mtoto, bila malipo, na namba hiyo inafaa kuandikwa kwa chaki ubaoni mpaka aijue kama jina lake.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho, kabla ya kubishana kama somo lianze au lisianze, mzazi amuulize mwalimu mkuu mambo matatu. Mwalimu wa unasihi ni nani, na watoto wanamjua? Kuna mahali mtoto anaweza kuzungumza naye bila darasa zima kusikia? Na yale anayoambiwa, yanaishia wapi: kwake, au ofisi ya walimu saa ya chai? Ikitokea kwamba mwalimu wa unasihi ndiye pia mwalimu wa nidhamu anayeshika fimbo, kamati ya shule iombe abadilishwe kabla kipindi cha kwanza hakijafundishwa.